Wasifu wa Robert Koch na Somo Lake kwa Ufukwe wa Bangwe

Maelezo kwa mtahiniwa

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine. Mtu akiandika habari za maisha yake mwenyewe, hiyo ni tawasifu. Unaposoma wasifu kwa ajili ya mtihani, usikariri tarehe peke yake. Jiulize mambo matatu: mhusika alikutana na tatizo gani, alilishughulikia kwa njia gani, na kazi yake ina maana gani kwa jamii yako leo.

Sura hii inaeleza maisha ya Robert Koch, daktari Mjerumani ambaye alifanya kazi pia katika nchi yetu. Baada ya maisha yake tutakwenda Bangwe, katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kuona kwa nini mji ulio kando ya ziwa hauna budi kusafisha majitaka kabla hayajaingia ziwani.

1. Kuzaliwa na elimu

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimbaji madini katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi katika shughuli za migodi. Familia ilikuwa kubwa na kipato chake kilikuwa cha wastani. Tangu utotoni Koch alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe, na kuvichunguza kimoja kimoja.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika miaka mingi nyuma kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai vidogo. Wakati huo wengi hawakuikubali hoja hiyo. Madaktari wengi waliamini kwamba magonjwa kama kipindupindu hutokana na hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye uchafu na udongo wenye unyevu.

Mwaka huohuo wa 1866 Koch alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Hamburg, na hapo akawaona wagonjwa wa kipindupindu kwa mara ya kwanza. Miaka 26 baadaye angerudi katika mji huohuo kwa sababu ya ugonjwa uleule.

2. Daktari wa wilaya

Baada ya kujitolea kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870 hadi 1871, Koch alipata kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Polandi. Alitibu wagonjwa mchana. Saa zilizobaki alifanya utafiti nyumbani kwake, katika chumba alichokigawa sehemu mbili, upande mmoja wa wagonjwa na upande mwingine wa hadubini.

Wafugaji wa wilaya hiyo walikuwa wakipoteza ng'ombe na kondoo kwa ugonjwa wa kimeta. Koch alichukua damu ya mnyama aliyekufa, akaiingiza kwa panya kwa kutumia kijiti safi, na panya wakafa kwa kimeta. Kisha alikuza bakteria wa ugonjwa huo nje ya mwili wa mnyama, akawafuata hatua kwa hatua, na akagundua kwamba hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kuishi ardhini kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo sababu malisho yaleyale yaliendelea kuua mifugo msimu baada ya msimu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1876. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa hatua kwa hatua kwamba bakteria wa aina fulani ndiye chanzo cha ugonjwa fulani.

Mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya serikali. Huko alipata wasaidizi na maabara nzuri. Pamoja nao alibuni njia ya kukuza bakteria juu ya kitu kigumu badala ya mchuzi, ili kila aina ikae peke yake. Walianza na vipande vya viazi, na baadaye wakatumia agari, utomvu unaotokana na mwani wa baharini. Wazo la agari lilitoka kwa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti hao, aliyekuwa akiitumia jikoni. Njia hiyo ingali inatumika katika maabara za hospitali na za mamlaka za maji hadi leo.

Tarehe 24 Machi 1882 Koch alitangaza kwamba amempata bakteria anayesababisha kifua kikuu. Kwa kumbukumbu ya tangazo hilo, tarehe 24 Machi huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

3. Kipindupindu: Misri na India

Mwaka 1883 kipindupindu kililipuka nchini Misri. Ujerumani na Ufaransa zilituma watafiti Alexandria. Kazi ilikuwa ya hatari: mtafiti kijana wa Ufaransa, Louis Thuillier, aliambukizwa na kufariki hukohuko. Koch aliona ndani ya utumbo wa waliokufa bakteria aliyepinda kama alama ya mkato, lakini ugonjwa ulikuwa ukipungua Misri, na ushahidi wake haukutosha. Akaomba ruhusa ya kuufuata ugonjwa hadi India.

Alifika Calcutta mwishoni mwa mwaka 1883. Mapema mwaka 1884 aliweza kumtenga bakteria huyo na kumkuza peke yake. Ni haki kutaja kwamba Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amekwisha kumwona mwaka 1854, ingawa wachache walimsikiliza. Mwaka huohuo wa 1854 daktari Mwingereza John Snow alikuwa ameonyesha kwamba vifo vya kipindupindu katika mtaa mmoja wa London vilizunguka pampu moja ya maji. Koch alikiunganisha kiini cha ugonjwa na njia unayopitia.

Njia hiyo aliiona wazi katika bwawa moja pembezoni mwa Calcutta. Wakazi walioishi kando ya bwawa walioga humo, walifua humo, na walichota humo maji ya kunywa. Nguo za mgonjwa wa kwanza zilifuliwa katika maji hayo. Baada ya muda wakazi wengine wakaanza kuugua na kufa, na Koch aliwakuta bakteria wa kipindupindu ndani ya maji ya bwawa. Uchafu ulitoka kwa mtu, ukaingia majini, ukarudi kwa watu wengine kupitia kinywa.

Kumbuka: Mzunguko huu ndio kiini cha sura nzima. Katika swali lolote kuhusu majitaka na afya, anza kwa kuonyesha njia ambayo kinyesi cha mgonjwa hufuata hadi kufika kinywani mwa mtu mzima wa afya.

4. Hamburg, 1892

Hamburg ulikuwa mji tajiri wa bandari kando ya mto Elbe. Tangu katikati ya karne ya 19 ulikuwa na mabomba ya maji na mifereji ya chini ya ardhi ya kuondoa majitaka. Wakazi waliona fahari juu ya mifereji hiyo, lakini mifereji ilimwaga majitaka moja kwa moja mtoni bila kuyasafisha. Maji ya kunywa yalichotwa kutoka mto huohuo, upande wa juu wa mji, bila kuchujwa. Maji ya bahari yalipojaa, mkondo wa mto ulisukumwa nyuma, na majitaka yakapanda nao kuelekea mahali pa kuchotea maji. Wakuu wa mji walibishana kwa miaka mingi kuhusu gharama ya kujenga chujio. Ujenzi ulikuwa umeanza, lakini haujakamilika.

Agosti 1892 kipindupindu kiliingia. Wakuu wa mji walichelewa kutangaza ugonjwa kwa kuhofia biashara ya bandari. Koch alitumwa na serikali kuu, akafika tarehe 24 Agosti. Alipita katika vichochoro vya maskini, akaagiza maji yachemshwe, wakazi wapewe maji salama, na wagonjwa watengwe. Hadi ugonjwa unaisha, watu wapatao 17,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 8,600 wamekufa.

Pembeni mwa Hamburg kulikuwa na mji wa Altona. Miji hiyo ilikuwa imeungana hivi kwamba mpaka ulipita katikati ya mitaa. Altona ilichota maji kutoka mto uleule wa Elbe, tena upande wa chini, baada ya mto kupokea majitaka ya Hamburg. Kwa hesabu ya kawaida Altona ndiyo ingeangamia zaidi. Haikuwa hivyo, kwa kuwa Altona ilipitisha maji yake polepole katika tabaka nene la mchanga. Katika mtaa wa mpakani, ugonjwa ulishambulia upande wa Hamburg na kuacha upande wa Altona. Kulikuwa na majengo ndani ya ardhi ya Hamburg yaliyounganishwa na bomba la Altona, na watu wake hawakuugua. Hewa ilikuwa ileile, udongo uleule, na maisha yaleyale. Kilichotofautiana ni maji.

Max von Pettenkofer wa Munich, mtaalamu mkubwa wa afya aliyeamini kwamba udongo na hewa ndivyo chanzo, hakukubali. Oktoba 1892 alikunywa mchanganyiko wenye bakteria wa kipindupindu mbele ya mashahidi ili kumpinga Koch. Alipata kuhara kidogo tu. Jaribio lake halikuubatilisha ushahidi wa maelfu ya makaburi, kwa sababu si kila anayemeza kimelea huugua sana. Chujio la Hamburg lilikamilishwa mwaka 1893. Koch alipendekeza pia kwamba maji yaliyochujwa yapimwe kila mara, na yasizidi bakteria 100 katika sentimeta moja ya ujazo. Huo ni mmoja wa mifano ya mwanzo ya kupima ubora wa maji kwa idadi ya bakteria.

5. Chujio lilimlinda nani?

Somo la Altona husomwa mara nyingi kama ushindi wa chujio. Ni kweli, lakini kuna watu ambao chujio halikuwafikia. Mabaharia wa mashua na watu walioishi juu ya mto Elbe hawakuwa na bomba. Waliteka maji mtoni kwa ndoo, na wengi wao waliambukizwa. Ndiyo maana vituo vya ukaguzi wa vyombo viliwekwa kando ya mito. Chujio la maji ya kunywa humlinda mwenye bomba. Anayechota mtoni, anayeoga mtoni na anayevua mtoni hulindwa na jambo moja tu: majitaka yasafishwe kabla ya kumwagwa.

Berlin, mji alioishi Koch, ilikuwa imeanza njia hiyo tangu miaka ya 1870. Badala ya kumwaga majitaka katika mto Spree, mji uliyasukuma kwa pampu hadi mashamba ya nje, yakapenya katika udongo. Bakteria wa udongo waliula uchafu, mazao yakapata mbolea, na maji yaliyotoka chini yalikuwa masafi zaidi. Mwaka 1914, miaka minne baada ya kifo cha Koch, Edward Ardern na William Lockett huko Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba kazi hiyo ya bakteria inaweza kufanywa ndani ya matangi kwa kupuliza hewa katika majitaka. Mitambo mingi mikubwa duniani hutumia njia hiyo hadi leo. Hivyo bakteria, ambao Koch alijulikana kwa kuwafichua kama wauaji, ndio pia wanaofanya kazi kubwa ya kuwasafishia watu maji.

6. Koch katika Afrika Mashariki

Mwaka 1896 Koch alikwenda Afrika Kusini kutafuta kinga ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukimaliza ng'ombe barani. Mwaka 1897, baada ya kuchunguza tauni nchini India, alifika Dar es Salaam, wakati huo makao makuu ya koloni la Wajerumani. Alikaa hadi mwaka 1898 akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo.

Alirudi mwaka 1904 na kubaki hadi 1905. Katika safari hiyo alichunguza homa iliyokuwa ikiwapata wasafiri na wapagazi wa misafara, ikipanda, ikishuka na kurudi tena. Alionyesha kwamba huenezwa na papasi wanaojificha katika sakafu na kuta za vibanda vya kulala wageni. Wakati huohuo watafiti wengine walifikia jibu hilo katika Uganda na mashariki ya Kongo. Kati ya mwaka 1906 na 1907 aliongoza kazi ya kupambana na malale katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria.

Kazi hiyo ya mwisho ina doa. Dawa aliyoitumia, iliyokuwa na arseniki, iliwapunguzia wagonjwa vimelea kwa muda, lakini alipoongeza kipimo baadhi yao walipofuka. Alipendekeza pia wagonjwa wakusanywe katika kambi za kuwatenga. Hayo yalifanyika chini ya utawala wa kikoloni, ambapo mgonjwa hakuombwa ridhaa kama maadili ya utafiti yanavyotaka leo. Wasifu mzuri hutaja mafanikio na makosa ya mhusika.

7. Miaka ya mwisho

Koch alikuwa amekosea hadharani kabla ya hapo. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iliyoitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin, lakini dawa haikuponya, na wengine walizidiwa. Baadaye ilionekana kwamba inafaa kwa kipimo cha kutambua maambukizi, na kwa kazi hiyo bado hutumika.

Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa utafiti wake wa kifua kikuu. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 66.

8. Somo kwa Bangwe

Bangwe ni rasi na kata iliyo kusini ya ghuba ya Kigoma, kati ya mji wa Kigoma na Ujiji. Ndani ya ghuba kuna bandari, na reli ya kati huishia hapo. Milima inashuka kwa kasi hadi ufukweni, kwa hiyo mvua inaponyesha, kila kilicho juu huteremka ziwani: udongo, taka za mitaro, na yaliyofurika kutoka vyooni. Ufukweni watu huoga, huosha vyombo, huanika dagaa na huteka maji. Mtaa wa Altona wenye bomba na mashua ya Elbe isiyo na bomba viko hapa pamoja.

Ziwa Tanganyika lina kina cha takribani mita 1,470 na urefu wa zaidi ya kilometa 650. Ukubwa huo huwafanya watu wengi wadhani kwamba haliwezi kuchafuka. Mtahiniwa azingatie mambo mawili. Kwanza, ziwa lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauondoki na uchafu. Kinachoingia hukaa kwa muda mrefu mno. Pili, uchafu wa ghuba hauchanganyiki mara moja na ziwa zima. Hubaki karibu na pwani, mahali ambapo watu huteka maji na samaki wengi wadogo wa miambani, wasiopatikana penginepo duniani, huzaliana.

Kipindupindu hakijawa historia katika mkoa huu. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walirundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Kigoma. Vyoo havikutosha, na watu walitumia maji ya ziwa. Wagonjwa walizidi 3,000, na watu wapatao 30 walikufa. Meli ya MV Liemba ilikuwa miongoni mwa vyombo vilivyowahamisha watu kutoka hapo. Ni mzunguko uleule ambao Koch aliuona katika bwawa la Calcutta.

9. Jinsi mtambo unavyokata mzunguko

Mtambo wa kusafisha majitaka hufanya kazi kwa hatua zinazofuatana.

(a) Kuchuja. Majitaka hupita kwenye nondo zinazozuia vitambaa, plastiki na vijiti. Kisha mchanga na changarawe huachwa zituame.

(b) Kutuama kwa kwanza. Majitaka hutulia katika tangi kubwa. Uchafu mzito huzama na kuwa tope. Mafuta huelea na kuondolewa.

(c) Kazi ya bakteria. Hewa hupulizwa ili bakteria wapate oksijeni na kula uchafu ulioyeyuka. Hatua hii isipofanyika mtamboni, hufanyika ziwani, na bakteria hutumia oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

(d) Kutuama kwa pili. Bakteria walioshiba huzama. Baadhi hurudishwa kwenye tangi la hewa waendelee na kazi. Waliobaki huondolewa pamoja na tope.

(e) Kupunguza virutubisho. Naitrojeni na fosforasi zikiingia ziwani kwa wingi hulisha mwani na magugu maji. Ziwa Victoria lilisumbuliwa sana na magugu maji katika miaka ya 1990, na virutubisho vingi majini ni miongoni mwa sababu za kustawi kwake.

(f) Kuua vimelea. Klorini, mionzi au jua hutumika kuua bakteria waliobaki kabla ya maji kuachiwa.

Katika miji mingi ya Tanzania hutumika njia yenye gharama ndogo zaidi, yaani mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti jijini Dar es Salaam. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini na halina oksijeni. Tope huzama na kuozea humo. Bwawa la pili lina kina kidogo zaidi, na mwani wake hutoa oksijeni inayotumiwa na bakteria. Bwawa la mwisho ni la kina kifupi. Jua na muda huua vimelea. Njia hii inahitaji ardhi ya kutosha, lakini haitegemei sana umeme. Kwa kuwa nyumba nyingi hazijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka, magari ya kunyonya vyoo yanapaswa kumwaga mzigo wake katika mabwawa hayo, wala si mtaroni.

Mtambo una mipaka yake. Hauondoi kwa urahisi metali nzito na kemikali za viwandani. Hizo zinatakiwa kuzuiwa zilikoanzia. Haufanyi kazi vizuri ukizidiwa na majitaka au ukikosa matengenezo. Hata Altona ilipata wagonjwa katika majira ya baridi ya mwaka 1893, baada ya barafu kuharibu kazi ya machujio yake.

10. Wajibu na sheria

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa maji. Huduma ya maji na majitaka mjini ni jukumu la mamlaka ya maji na usafi wa mazingira. Kwa kuwa ziwa ni mali ya nchi nne, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, nchi hizo zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika jijini Dar es Salaam mwaka 2003. Kama ilivyokuwa kwa Hamburg na Altona, maji hayaheshimu mpaka. Uchafu wa mji mmoja hufika kwa jirani, na usalama wa mmoja hutegemea kazi ya mwingine.

Muhtasari wa tarehe muhimu

1843: Koch anazaliwa Clausthal.
1866: Anahitimu udaktari, anaona kipindupindu Hamburg.
1876: Anachapisha utafiti wa kimeta.
1882: Anatangaza bakteria wa kifua kikuu.
1883–1884: Anachunguza kipindupindu Misri na India.
1892: Kipindupindu cha Hamburg.
1897–1898: Safari ya kwanza Dar es Salaam.
1904–1905: Anachunguza homa ya papasi, anapata Tuzo ya Nobel (1905).
1906–1907: Kazi ya malale visiwani Sese.
1910: Anafariki Baden-Baden.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha wasifu na tawasifu.
2. Eleza kwa nini Altona ilipata wagonjwa wachache kuliko Hamburg ingawa ilikuwa upande wa chini wa mto.
3. Taja makosa mawili ya Koch, na ueleze kwa nini mwandishi ameyataja.
4. Chujio la maji ya kunywa halimlindi kila mtu. Thibitisha kauli hii kwa kutumia mfano wa mto Elbe na mfano wa Bangwe.
5. Eleza kazi ya bakteria katika mtambo wa kusafisha majitaka.
6. Fupisha sehemu ya 9 kwa maneno yasiyozidi 100.
7. Diwani wa kata iliyo ufukweni anasema kwamba ziwa ni kubwa mno kuweza kuchafuliwa na mji mmoja. Andika hotuba ya kumjibu kwa heshima, ukitumia hoja zisizopungua tatu.

Dondoo za swali la 7: Anza kwa itifaki. Kubali kwamba ziwa ni kubwa, kisha onyesha kwamba maji yake huchukua muda mrefu kubadilika, kwamba uchafu hubaki karibu na pwani wanakoteka watu, na kwamba tukio la Kagunga la mwaka 2015 lilitokea kando ya ziwa hilihili. Malizia kwa pendekezo moja linaloweza kutekelezwa katika kata hiyo, mfano magari ya kunyonya vyoo kuwa na mahali maalumu pa kumwaga majitaka. Mtahiniwa anayetoa pendekezo bila sababu hupoteza alama.